Mnamlaumu mwenye duka bure, paswedi ya "admin" ni kosa la kiwanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala yenu iliyosema tatizo kubwa la usalama wa mitandao hapa kwetu Tanzania ni watumiaji hawana elimu, eti watu wabadilishe paswedi, wasome maelekezo, wawe makini. Nimeisoma yote mpaka mwisho na kiukweli imeandikwa vizuri, ila mi kazi yangu ni kufunga kamera na rauta, madukani, lodji, shule, nyumba za watu, na nikiwaangalia hao mnaowaambia wajielimishe naona mmemkamata mtu asiyehusika. Mama anauza vitenge, aliibiwa, akaenda Kariakoo akanunua kamera nne na DVR yake, lile boksi linalorekodi picha, akalipa fundi, akawekewa apu kwenye simu, sasa analiona duka lake akiwa nyumbani anapika, amefurahi. Huyu ndo mnataka ajue kwamba ndani ya lile boksi kuna mlango wa kukiongoza kifaa kwa mbali unaitwa telnet na uko wazi? Mafundi wenyewe wengi hawaujui.

Hoja yangu naisema mapema kabisa msomaji asipate tabu kuitafuta. Kifaa chochote kinachoingia kwenye intaneti kitoke kiwandani milango yake imeshafungwa. Anayetaka kulegeza alegeze mwenyewe kwa mkono wake akijua anafanya nini. Sio kinakuja wazi afu mteja ndo aanze kuhangaika anafungia wapi.

Mnakumbuka tarehe 21 Oktoba 2016? Siku hiyo watu Marekani walikuta Twitter haifunguki, Netflix haifunguki, Reddit, Spotify, vyote vinasuasua. Na hakuna aliyeivamia Twitter. Kilichopigwa ni kampuni moja inaitwa Dyn ambayo ndo ilikuwa inazielekeza kompyuta zijue tovuti fulani iko wapi, ukiiangusha hiyo basi wateja wake wote wanapotea kwenye ramani. Na waliopiga hawakutumia mitambo ya ajabu, walitumia kamera za CCTV, DVR na rauta za majumbani, maelfu kwa maelfu, zilizokamatwa na programu inaitwa Mirai na kuamriwa zote kwa pamoja zirushe mzigo sehemu moja. Mwezi mmoja kabla ilishapiga tovuti ya Brian Krebs, mwandishi wa habari za uhalifu wa mitandao, kwa mzigo wa zaidi ya gigabiti 600 kwa sekunde. Watafiti waliokuja kuhesabu baadae wakasema kwenye kilele chake Mirai ilikuwa imeshika vifaa kama 600,000. Walioitengeneza walikuwa vijana watatu, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, walikiri makosa mwaka 2017, na hawakuwa majasusi wa nchi yoyote, kilichowaingiza huko mwanzoni ni biashara ya sava za gemu la Minecraft, kuangushana ili wateja wahamie kwako.

Sasa waliingiaje kwenye vifaa laki sita? Hapo ndo nataka mwandishi wenu anisikilize vizuri. Hawakudukua chochote kwa maana ile tunayoiona kwenye muvi. Programu ilikuwa na orodha ya majina na paswedi za kiwandani kama sitini tu, admin na admin, root na root, root na 12345, root na 888888, inazunguka intaneti nzima inagonga kila mlango inajaribu hiyo orodha, ukifunguka inaingia. Basi. Orodha ya sitini imeangusha tovuti nyingi maarufu za Marekani kwa sehemu kubwa ya siku, kwa sababu viwanda viliamua kwamba milioni ya vifaa vitoke na neno moja.

Na ngoja niwape kubwa zaidi. Kwenye ile orodha kulikuwa na paswedi inaitwa xc3511. Hiyo ilikuwa ya bodi za kampuni ya Uchina inaitwa XiongMai, wanatengeneza bodi afu makampuni mengine wananunua wanagonga majina yao juu, ndo maana ukienda dukani unakuta DVR za majina kumi tofauti lakini ukifungua ndani ni kitu kilekile. Ile xc3511 ilikuwa imechomekwa ndani ya programu ya kifaa, kwenye ule mlango wa telnet. Mteja angeweza kuingia kwenye ukurasa wa setingi akabadilisha paswedi yake vizuri kabisa, herufi kubwa, namba, alama za dola, na ile ya nyuma ikabaki vilevile kwa sababu kwenye ukurasa wa setingi hakuna sehemu ya kuigusa. Yani yule mteja mwenye elimu mnayoitaka, aliyesoma maelekezo yote, alikamatwa sawasawa na yule ambaye hajasoma kitu. Sasa elimu hapo ingemsaidia nini? XiongMai baadae walitangaza kurudisha baadhi ya bidhaa zilizouzwa Marekani. Marekani. Sisi wengine tuliendelea na maisha.

Kuna watu watasema ah hayo ya kamera za bei rahisi, kampuni kubwa haziwezi kufanya hivo. Zilifanya sana tu. Windows XP ilitoka 2001 ikiwa na fayawoli yake ndani, kile kitu kinachozuia watu wa nje wasiingie kwenye kompyuta yako ovyo. Ilikuwemo lakini kwa kawaida ilikuwa imezimwa, ukitaka uiwashe uitafute mwenyewe huko ndani kwenye setingi za mtandao. Nani aliitafuta? Agosti 2003 akaja mdudu anaitwa Blaster, waliokuwa kwenye intaneti kafe miaka ile watakumbuka kale kaboksi kanahesabu sekunde 60 afu kompyuta inajizima katikati ya mtu kuandika barua pepe, Blaster alikuwa hahitaji ubonyeze kitu wala ufungue faili, ukiunganisha tu kompyuta kwenye mtandao anaingia. Mwaka uliofuata akaja Sasser kwa mtindo huohuo. Agosti 2004 Microsoft wakatoa toleo la maboresho linaitwa SP2 na fayawoli ikawa imewashwa kwa kila mtu bila kuuliza. Wapo waliolalamika, programu zingine ziligoma, ofisi zingine zilichelewa kuiweka. Lakini angalia, watu walikuwa walewale, elimu yao ileile, hakuna aliyekwenda semina kati ya 2003 na 2004. Kilichobadilika ni swichi moja iliyoamuliwa na mwenye kiwanda, na minyoo ya aina ile ikapata shida kubwa kuliko ambayo makala zote za "kuwa makini" zimewahi kuwapa.

Tuje kwenye simu maana hapo ndo kila mtu yupo. WhatsApp tangu Aprili 2016 inafunga ujumbe wote kiasi kwamba hata wenyewe hawausomi njiani. Bibi yangu kijijini anatumia ulinzi huo kila siku na hajui kama upo. Hakuwahi kubonyeza popote, ulikuja umewashwa. Sasa ndani ya apu ileile kuna kitu kingine, ile namba ya siri ya tarakimu sita ya hatua ya pili, inayozuia mtu asiibe akaunti yako hata akifanikiwa kukulaghai umpe zile namba za meseji. Hiyo ni ya hiari, mpaka uende setingi, akaunti, uitafute. Fanyeni utafiti wenu mdogo leo, kila msomaji aulize kwenye grupu lake la ukoo ni wangapi wameiwasha. Mi nimeuliza kwenye letu, likajibiwa na stika ya mtu anacheka. Na humohumo kwenye grupu kila baada ya muda utaona tangazo "jamani namba ya shangazi imehakiwa msitume hela". Apu moja, watu walewale, ulinzi uliowashwa unamlinda kila mtu na ulinzi wa hiari unamlinda yule kijana wa IT peke yake ambaye hata hivo asingelaghaiwa.

Na sisi Afrika Mashariki tunajisahau, hili tulishalifanya vizuri kabla ya wengi. Huduma za pesa kwa simu toka Kenya walipoanza na M-Pesa mwaka 2007 na sisi huku mwaka uliofuata, hujawahi kuona mtu anatumia akaunti yake na namba ya siri ya kiwandani inayofanana na ya jirani. Unasajiliwa, unatakiwa uweke namba yako mwenyewe kabla hujatuma hata shilingi mia, ukikosea mara kadhaa unafungiwa. Hakuna kitufe cha "nitaweka baadae". Wakulima wameweka, wazee wameweka, mama lishe wameweka. Kuna wanaompa wakala namba ya siri awaandikie, najua, lakini hata hao kila mmoja ana yake. Kama ingekuwa ni hiari, eti namba ya siri kwa wote ni 1234 na ukitaka badilisha, nadhani mnajua biashara ile ingeishi miezi mingapi. Kwa hiyo habari ya kwamba watu wetu hawawezi mambo ya usalama sio kweli, wanaweza kabisa kama kifaa kikiwalazimisha siku ya kwanza na kikawapa njia fupi ya kufanya hivo.

Sisemi elimu haina kazi. Wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanapigana na akili ya mtu, na hapo kweli mtu aambiwe, akumbushwe, gazeti liandike kila wiki. Tapeli anampigia mzee anajifanya mtoto wa huduma kwa wateja, setingi gani itazuia hiyo? Lakini mashine inayogonga mlango wa mashine nyingine saa nane usiku, mwenye duka amelala, hapo elimu ya mwenye duka haipo kwenye mchezo kabisa. Hivi ni vitu viwili na makala yenu imevichanganya kwenye chungu kimoja.

Sasa nije kwa mafundi wenzangu, maana najua hii barua ikitoka nitapigiwa simu. Tunapinga hizi paswedi za lazima na sababu tunazo. Zamani kamera za Hikvision zilikuja na 12345, kila fundi anaijua, unafika kwa mteja unaingia unamaliza unaondoka. Kuanzia matoleo ya 2015 hivi ukiiwasha haikupi kitu mpaka uweke paswedi mpya yenye herufi na namba. Vizuri. Kilichofuata ni nini? Kuna duka moja la vipuri lilivunjwa usiku, mwenyewe anataka picha awapelekee polisi, DVR inaomba paswedi, mwenye duka hana, fundi aliyefunga alishahamia mkoani na laini kabadilisha, na kuifungua ile mashine lazima utume namba zake kwa muuzaji, muuzaji atume kwa aliyemletea, urudishiwe faili, siku zinakwenda, na mashine inaendelea kurekodi juu ya zile picha za wezi. Huyo mwenye duka ukimwambia habari za Mirai na Minecraft atakutukana. Na ana haki. Wapo pia mafundi wakakwepa usumbufu kwa kuweka paswedi moja kwa wateja wao wote, jina la kampuni yao na 123 mwishoni, kwa hiyo tumetoka kwenye paswedi ya kiwanda tumeingia kwenye paswedi ya fundi, na siku fundi huyo akigombana na kijana wake wa kazi mtaa mzima uko wazi.

Lakini ukiangalia vizuri hiyo ni lawama kwa waliofunga mlango vibaya, haisemi kwamba kufunga mlango ni kosa. Mtu niliyemhofia mimi ni yule aliyeko nchi nyingine anayegonga kupitia intaneti. Yule aliyesimama mbele ya DVR ameishika mkononi, ana ufunguo wa ofisi, huyo ana hali tofauti, mpe kitufe cha kubonyeza kwa sindano sekunde kumi paswedi ifutike na picha zibaki. Rauta nyingi zinayo hiyo tayari kwa setingi zake, mbona DVR nyingi zinakunyima? Na paswedi yenyewe sio lazima mteja aitunge siku ya kwanza, kiwanda kiweke ya kipekee kwa kila kifaa na kuibandika kwenye stika chini ya boksi. Akisahau anageuza boksi. Mwizi wa mtandaoni hawezi kugeuza boksi lako.

Watasema gharama. Hapa ndo huwa nacheka. Chukua rauta yoyote, hata ile ya bei ya chini kabisa, igeuze. Kuna stika, ina namba ya kifaa na anwani ya MAC, ile inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, na hizo namba hazifanani na za rauta nyingine yoyote ya kampuni hiyo. Kwa hiyo kiwanda kina mashine inayochapa stika tofauti kwa kila kifaa, kina programu inayoingiza namba tofauti kwa kila kifaa, kila kitu kipo, na bado mstari wa chini yake wameandika admin, admin. Kuongeza mstari mmoja wa tofauti ni bei gani? Kingine ni hicho kinaitwa UPnP, rauta nyingi zinakuja kimewashwa, kinaruhusu kifaa cha ndani kama DVR kiiombe rauta ikifungulie mlango wa nje na rauta inakubali bila kumuuliza mwenye nyumba. Kiliwekwa ili magemu na kamera zifanye kazi bila usumbufu, sawa, ila kije kimezimwa, na anayecheza magemu akiwashe. Kukizima hakuna gharama yoyote, ni sifuri na moja tu kwenye programu.

Wenzetu walishachoka kusubiri huruma ya viwanda. California walipitisha sheria 2018 ikaanza kazi Januari 2020, kifaa cha kuunganishwa kinachouzwa kule kisije na paswedi moja kwa wote, ama iwe ya kipekee kwa kila kifaa ama kimlazimishe mtumiaji aweke yake kabla ya kutumia. Uingereza sheria yao ya 2022 imeanza kubana tarehe 29 Aprili 2024, na hii naipenda zaidi kwa sababu haimgusi mwenye kiwanda peke yake, inamgusa na anayeingiza mzigo na anayeusambaza, faini mpaka pauni milioni 10 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima. Na ni wajanja, wameandika kabisa kwamba paswedi ya kipekee isiwe ya kuhesabika, yani kifaa hiki 001 kinachofuata 002, wala isitokane kirahisi na namba ya kifaa, maana tunazijua rauta ambazo paswedi ya waifai ni mkia wa MAC yake na MAC inaonekana na kila mtu aliyekaa karibu na simu. Pia mtengenezaji aseme wazi kifaa kitapewa maboresho ya usalama mpaka lini. Umoja wa Ulaya nao sheria yao imeanza kuhesabika Desemba 2024 na masharti makubwa yatabana Desemba 2027, humo usalama wa kutoka kiwandani ni lazima. Japani wao walikwenda mbali zaidi, Februari 2019 taasisi ya serikali ilianza kuzungukia anwani za intaneti zipatazo milioni 200 za nchi yao ikijaribu paswedi dhaifu kwenye vifaa vya wananchi, wakikuta kinafunguka wanaiambia kampuni ya intaneti imjulishe mwenye nacho. Ilibidi wabadilishe sheria ili serikali isiwe yenyewe ndo mdukuzi. Mi binafsi hiyo sijaipenda sana, ila inaonyesha wameshindwa kusubiri mteja ajielimishe, na tunaongelea Wajapani hapo.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na Tume yake ipo. Kenya wanayo ya 2019 na kifungu cha 41 kinataja kabisa ulinzi wa data uanzie kwenye usanifu na kwenye setingi za mwanzo. Ni sheria nzuri, lakini tazameni zinamkamata nani. Zinamkamata anayekusanya taarifa, yani lodji yenye kamera, shule yenye kamera, zahanati yenye kamera. Picha za wageni wa lodji zikivuja, mwenye lodji ndo anaulizwa ulichukua hatua gani za usalama. Aliyemuuzia boksi lililo wazi hayumo kwenye kesi, ameshaleta kontena lingine. Na hizi picha huwa zinavuja kweli, 2014 ofisi ya Uingereza ya kulinda taarifa ilitoa onyo kuhusu tovuti moja iliyokuwa inarusha moja kwa moja picha za maelfu ya kamera za watu, maofisini, majumbani, mpaka vyumba wanavyolala watoto, zote zimepatikana kwa paswedi za kiwandani.

Ila sisi tuna geti tayari. Kifaa cha mawasiliano kinatakiwa kithibitishwe na TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, kabla ya kuuzwa, kipimwe masafa, kisiingiliane na mitambo mingine. Mimi naomba kwenye huo ukaguzi kuwe na maswali matatu: kikiwashwa mara ya kwanza kinafunguka kwa paswedi inayojulikana? Kuna mlango kama telnet uko wazi kwa nje? Maboresho yatatolewa mpaka mwaka gani? Kijana wa maabara anayamaliza mawili ya kwanza asubuhi moja akiwa na laptop. Mbona kwenye umeme tunaelewa, ukijenga nyumba huunganishiwi umeme mpaka fundi mwenye leseni afanye waya na kugonga muhuri wake, hakuna aliyewahi kusema tuache nyumba ziunganishwe ovyo afu tuwape wananchi elimu ya kutoshika nyaya. Mzigo wa magendo utapita, najua, unapita hata wa sukari. Lakini maduka makubwa, zabuni za serikali, mabenki, makampuni ya simu yanayogawa rauta kwa wateja, hao wote wananunua kwa karatasi, na ukibana karatasi umewabana. Mkikuta kiwanda kinauza toleo lenye paswedi ya kipekee Uingereza na kuleta toleo la admin huku, basi hapo mna habari ya ukurasa wa mbele, achaneni na mama wa vitenge.

Kwa hiyo ombi langu kwa gazeti, badala ya makala nyingine ya "badilisha paswedi yako leo", mtumeni huyohuyo mwandishi wenu akawaulize TCRA kama maswali hayo matatu yamo kwenye fomu yao au hayamo, na jibu mlichapishe hata kama ni mistari miwili. Akimaliza apite Kariakoo, anunue DVR ya bei ya chini kuliko zote atakayoikuta, aiunganishe hapohapo dukani, aandike admin asiweke kitu kingine, afu atuambie imefunguka au imekataa. Akileta risiti mumrudishie hela yake.

Msomaji wenu,
Fundi wa kamera na mitandao,
Ilala, Dar es Salaam